Kubadilisha kizuia joto cha zamani nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye nyumba aliyepanda darini na tochi, akakuta tabaka la miaka mingi limejaa vumbi, na sasa hajui alitoe, aliongezee juu yake au aliache lilivyo. Majibu mengi yanafaa mahali pa joto na mahali pa baridi vilevile. Penye tofauti, tumeitaja.

Kizuia joto hufanyaje kazi?

Joto hutoka penye joto zaidi kwenda penye joto pungufu, na lina njia tatu: kupenya ndani ya kitu kigumu, kubebwa na hewa inayozunguka, na kusafiri kama mionzi, jinsi linavyotufikia kutoka kwenye jua. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo sana. Karibu vizuia joto vyote, viwe vya sufu ya kioo, sufu ya mawe, selulosi au povu, vinategemea jambo hilo moja: kunasa hewa au gesi katika vijinafasi vidogo isiweze kutembea. Nyuzi za kioo zenyewe hazina maajabu yoyote. Kazi inafanywa na hewa iliyo katikati yake.

Ndiyo maana chochote kinachoiondoa hewa hiyo, au kuifanya itembee, kinaharibu kazi. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo sufu iliyolowa haina faida. Sufu iliyokandamizwa na maboksi imetolewa hewa yake. Sufu inayopitiwa na upepo imebaki chujio la vumbi tu.

Je, kina muda wake wa kuisha?

Umri peke yake si sababu ya kukibadilisha. Sufu ya kioo na sufu ya mawe haziozi, na zikikaa pakavu bila kuguswa zinaweza kufanya kazi kwa miongo mingi. Selulosi, ambayo hutengenezwa kwa karatasi zilizosagwa, hushuka yenyewe kwa uzito wake na kupoteza sehemu ya unene. Baadhi ya mapovu hupoteza polepole ile gesi iliyokuwa ndani yake, na uwezo wake hupungua kidogo kidogo.

Fundi akikwambia utoe kila kitu kwa sababu tu kina miaka 30, mwambie akuonyeshe kilichoharibika. Kama hana cha kukuonyesha, huenda kinachohitajika ni kuongeza tabaka, si kubomoa.

Nitajuaje kwamba changu kimechoka?

Anza na mwili wako kabla ya vipimo. Chumba cha juu kinachobaki na joto hadi usiku wa manane ilhali nje kumeshapoa, au ukuta wa ndani unaokuwa baridi ukiugusa wakati hita inawaka, vinakupa habari. Vyumba viwili vya nyumba moja vinavyotofautiana sana kwa joto vinakupa habari zaidi, kwa sababu mara nyingi kimoja kina tabaka na kingine hakina, au limesogea.

Kisha panda uangalie. Pima unene sehemu tano au sita tofauti, si mlangoni tu. Angalia madoa ya maji na ufuatilie yanakotoka. Nusa: harufu ya uvundo ni unyevu, harufu kali ya mkojo ni panya. Shika kipande, kikiwa kizito kuliko inavyostahili, kina maji.

Kuna dalili moja ambayo watu wengi huitafsiri vibaya. Ukiona sufu ya kioo ina mabaka meusi, usikimbilie kusema ni kuvu. Mara nyingi ni vumbi lililochujwa na hewa iliyokuwa ikipita hapo kwa miaka, na chini yake utakuta tundu: la waya, la bomba, au la taa. Mabaka hayo ni ramani ya bure ya mahali pa kuziba. Yapige picha kabla hujatoa chochote.

Nitoe cha zamani au niweke kipya juu yake?

Hili ndilo swali linaloamua gharama, kwani kutoa tabaka la zamani ni kazi ya vumbi, ya muda, na inayozalisha mifuko mingi ya taka.

Kama cha zamani ni kikavu, kisafi, na hakina kitu cha hatari ndani yake, kiache. Bado kina thamani yake, na thamani hiyo hujumlishwa na ya kipya. Tandaza tabaka jipya juu, likikatisha upande wa pili ili lifunike mbao na mianya iliyoachwa na la kwanza. Usiweke kitu kizito juu ya kitu laini kikakikandamiza.

Kitoe kama kimelowa na kuota kuvu, kama panya au popo wamekigeuza choo, kama kimeungua au kunusa moshi baada ya moto, kama kina asbesto, madini ya nyuzinyuzi yenye hatari tunayoyaeleza hapa chini (na hapo si wewe wa kukitoa), au kama chini yake kuna kazi kubwa ya nyaya au mabomba isiyoweza kufanyika kikiwepo. Palipoharibika sehemu tu, toa sehemu hiyo. Si lazima dari nzima ilipe dhambi ya kona moja iliyovuja.

Nyumba ni ya zamani sana. Kuna cha kuogopa humo?

Ndiyo, na jibu hili lisome kabla ya kugusa chochote.

Asbesto ilitumika duniani kote kwa sehemu kubwa ya karne ya 20: kwenye mbao za dari, vifuniko vya mabomba ya maji ya moto, mabati ya saruji, na wakati mwingine kama kizuia joto chenyewe. Nyuzi zake zikivutwa husababisha saratani ya mapafu, mesothelioma (saratani ya utando unaozunguka mapafu) na kovu la mapafu, na ugonjwa huweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Uingereza iliikataza kabisa mwaka 1999, Afrika Kusini mwaka 2008, na Marekani ilitangaza marufuku ya aina iliyokuwa bado ikiingizwa, ile nyeupe, mwaka 2024. Nyumba iliyojengwa kabla ya marufuku ya nchi yake inaweza kuwa nayo.

Vermikulaiti inahitaji tahadhari ya pekee. Ni chembe nyepesi za kijivu-kahawia au za rangi ya dhahabu zinazong'aa, zilizomwagwa katikati ya mbao za dari kama kokoto laini. Yenyewe si asbesto, lakini sehemu kubwa ya vermikulaiti iliyouzwa duniani hadi mwaka 1990 ilitoka kwenye mgodi mmoja wa Libby, jimbo la Montana, ambako mwamba ulikuwa umechanganyika na asbesto. Ushauri wa mamlaka ya mazingira ya Marekani ni kwamba ukiikuta, ichukulie kuwa ina asbesto na usiivuruge. Usiifagie, usiivute kwa mashine ya vumbi ya nyumbani, usiweke maboksi juu yake.

Kwa macho huwezi kuthibitisha asbesto. Sampuli huchukuliwa na mtu mwenye mafunzo na kupimwa maabara. Ikithibitika, kuna njia mbili: kuiacha imefungiwa isiguswe, au kuitoa kwa kikosi chenye kibali. Mara nyingi ile ya kwanza inatosha.

Miaka ya 1970 kulikuwa pia na povu la yurea-fomaldehaidi lililopulizwa ndani ya kuta, ambalo Kanada ililipiga marufuku mwaka 1980 kwa sababu ya gesi iliyokuwa ikitoka. Kwa nyumba iliyowekewa wakati huo, gesi nyingi ilishaisha zamani. Shida inayobaki ni povu hilo kunywea, kupasuka na kuacha mianya, au kuoza likiloweshwa.

Panya na popo wameishi humo kwa miaka. Nianzeje?

Anza kwa kuwatoa na kuziba njia zao, kwa sababu tabaka jipya ni godoro jipya kwao. Usifagie kinyesi kikavu. Vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta, na kinyesi cha popo na ndege kinaweza kuwa na kuvu inayosababisha histoplasmosisi kwenye mapafu. Kinyunyizie dawa ya kuua vijidudu hadi kilowe, subiri dakika kadhaa, kisha kiokote kikiwa kimelowa, ukiwa na glavu na barakoa ya kuchuja chembe. Popo wanalindwa na sheria katika nchi nyingi, na kuwafungia ndani wakati wa kulea watoto ni ukatili na pia ni harufu utakayoishi nayo, kwa hiyo uliza utaratibu kwanza.

Kabla ya kuweka kipya, nifanye nini?

Ningeweza kulifanya jibu hili kuwa ukurasa mzima. Kazi nyingi zinazoshindwa zimeshindwa hapa, kabla ya bando la kwanza kufunguliwa.

Tengeneza paa. Tone moja la kila msimu linatosha kuharibu tabaka jipya, na kwa kuwa sufu hunywa maji kimyakimya, utaliona doa kwenye dari baada ya muda mrefu.

Mwite fundi umeme. Waya hutoa joto ukipitisha umeme mwingi, na ukifunikwa joto hilo halina pa kwenda. Nyaya za kipindi cha kale zilizofungwa kwenye vishikizo vya kauri zikiwa wazi zilitegemea hewa kupoa. Usizifunike kabisa hadi zibadilishwe. Nyaya za kawaida pia zina kiwango kidogo cha umeme zinazoruhusiwa kubeba zikiwa zimezikwa kwenye kizuia joto. Jambo dogo ambalo hata mafundi husahau: polistirini (aina ya povu la plastiki) ikigusana na waya wenye ganda la plastiki ya PVC kwa muda mrefu, huvuta kilainishi kutoka kwenye ganda hilo na kuliacha likakamae.

Kisha ziba mianya ya hewa. Hewa ya joto hupanda, hutokea juu ya nyumba, na huvuta nyingine kuingia kutoka chini. Msimu wa baridi mzunguko huu haukomi. Kizuia joto cha nyuzi hakiuzuii. Ni sweta zuri lisilo na koti siku ya upepo. Tafuta matundu ya nyaya na mabomba, kingo za mlango wa kupandia darini, sehemu ukuta wa ndani unapokutana na dari, na pembezoni mwa bomba la moshi. Matundu madogo yajaze kwa gundi ya kuziba, makubwa kidogo kwa povu la kopo, na yale ya kupitisha kichwa kwa ubao kwanza. Kandokando ya bomba la moshi tumia bati na gundi inayostahimili moto, kamwe usitumie povu la kawaida.

Tundu ulilolificha chini ya sentimita 20 za sufu hutalirudia tena. Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito kuliko chapa ya bidhaa.

Thamani ya R ni nini, na unene gani unatosha?

R ni kipimo cha upinzani dhidi ya joto: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo joto linavyopita kidogo. Huipati kwa kubahatisha. Gawanya unene kwa mita na kipimo cha upitishaji joto kilichoandikwa kwenye bidhaa. Sufu ya kioo yenye kipimo cha 0.040 na unene wa sentimita 16 inakupa R ya 4. Povu la poliurethini lenye 0.025 linafika hapohapo kwa sentimita 10.

Angalia pia ni R ipi. Bidhaa za Marekani hutumia vipimo vya futi na Fahrenheit, na namba zao ni kubwa takriban mara 5.7. R-30 ya Marekani ni R ya 5.3 kwa vipimo vya mita. Zipo bidhaa zinazouzwa kwa namba kubwa bila kutaja kipimo, na mnunuzi akadhani amepata muujiza.

Sasa, kiasi gani kinatosha? Chukua dari ya mita za mraba 80, na tofauti ya nyuzi 20 kati ya juu na chini yake. Ikiwa R ni 0.5, joto linalopita ni wati 3,200. Ipandishe hadi 2, zinabaki 800. Ipandishe hadi 4, zinabaki 400. Ukifika 6, ni kama 267. Hatua ya kwanza imeokoa wati 2,400, ya pili 400, ya tatu 133. Hivyo nyumba isiyo na kitu ndiyo inayonufaika zaidi, na kuongeza juu ya tabaka ambalo tayari ni nene kunaleta faida ndogo kwa gharama ileile. Katika nchi zenye kanuni za ujenzi, kiwango cha chini kimeandikwa kulingana na hali ya hewa, anzia hapo.

Aina gani ni bora?

Hakuna iliyo bora kila mahali, ila kila mahali kuna isiyofaa.

Sufu ya kioo ni nafuu na nyepesi, inafaa darini pakavu. Sufu ya mawe ni nzito zaidi, inazuia kelele vizuri, haishiki moto, na nyuzi zake huanza kuyeyuka joto likipita nyuzi 1,000, kwa hiyo ni chaguo langu karibu na mabomba ya moshi na kwenye kuta zinazotenganisha nyumba na nyumba. Selulosi hupulizwa na kuingia kila kona, imetiwa chumvi za boroni kupunguza moto na wadudu, lakini haipendi maji. Ukiinunua uliza unene wake baada ya kutulia, si siku ya kupulizwa. Mbao ngumu za polistirini na poliurethini hutoa R kubwa kwa nafasi ndogo, zinafaa juu ya paa bapa, chini ya sakafu na nje ya kuta, nazo zinaungua.

Povu la kunyunyizia nitalijibu peke yake hapa chini.

Foili inayong'aa peke yake inatosha?

Mahali penye jua kali, swali hili ni la maana sana. Paa la bati au la rangi nyeusi linaweza kupita nyuzijoto 60 mchana, na sehemu kubwa ya joto lake hushuka darini kama mionzi. Foili ya alumini hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi hiyo, kwa bei ndogo na bila kuchukua nafasi.

Ila ina masharti mawili ambayo wauzaji huyapitia haraka. Lazima upande unaong'aa uwe na uwazi wa hewa mbele yake, angalau sentimita mbili. Ikigusana na bati, joto hupita moja kwa moja na foili inakuwa pambo. Na isielekezwe juu ikiwa imelazwa sakafuni mwa dari, kwani vumbi likiifunika haing'ai tena. Itundike chini ya kenchi, upande unaong'aa ukitazama chini: huko haitoi mionzi, na vumbi halikai. Mahali pa baridi foili haiwezi kuchukua nafasi ya tabaka nene.

Nyumba haina kiyoyozi wala hita. Kuna faida?

Ipo, hasa kwenye dari. Mwili hausikii joto la hewa peke yake. Nusu ya kile unachokihisi ndani ya nyumba kinatokana na joto la kuta, dari na sakafu zinazokuzunguka. Dari yenye nyuzi 40 inakuchoma kichwani hata hewa ya chumba ikiwa 29. Ukilishusha joto la dari, unapata nafuu ambayo kipimajoto cha ukutani hakiionyeshi yote.

Lakini usiishie hapo. Nyumba isiyo na kiyoyozi hukusanya joto kutoka madirishani, jikoni na kwa watu waliomo, na joto hilo linahitaji pa kutokea. Kivuli cha madirisha, rangi nyeupe juu ya paa na upepo wa usiku unaopita nyumba nzima huenda pamoja na kizuia joto. Mimi ningeanza na paa na kivuli, kisha ndipo nifikirie kuta.

Ile nailoni ya kuzuia mvuke niiweke upande gani?

Mvuke ulioko kwenye hewa ya joto ukigusa kitu baridi hugeuka maji. Mahali pa baridi mvuke hutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo kizuizi chake hukaa upande wa chumbani. Mahali pa joto na unyevu penye kiyoyozi mambo hugeuka: mvuke unatoka nje, na nailoni iliyowekwa ndani itaukusanyia maji katikati ya ukuta, nyuma ya rangi nzuri, mpaka kuvu ijitangaze yenyewe. Maelekezo ya kwenye bando yameandikwa kwa hali fulani ya hewa, ambayo huenda si yako. Na usiweke nailoni mbili, moja kila upande. Ukuta lazima uwe na upande mmoja wa kukaukia.

Nikiziba kila kitu, tutapumua nini?

Kuziba mianya si kuziba matundu ya hewa yaliyowekwa kwa makusudi. Matundu ya pembezoni mwa paa yaachwe wazi, na kati ya tabaka jipya na paa ubaki mfereji wa hewa wa sentimita 5 hivi. Feni ya bafuni itoe hewa nje kabisa, si kuitupa darini.

Jambo zito zaidi ni moto. Kama ndani kuna jiko la mkaa, hita ya gesi au chombo kingine kinachochoma mafuta na kutegemea hewa ya chumba, nyumba iliyobanwa inaweza kurudisha moshi ndani, na kaboni monoksidi, gesi yenye sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu. Kipime chombo hicho baada ya kazi, weka king'ora cha kaboni monoksidi, na jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, iwe na kizuia joto au isiwe nacho.

Povu la kunyunyizia vipi?

Linaziba hewa na kuzuia joto kwa mpigo mmoja, na kwenye kona ngumu hakuna linaloshindana nalo. Tatizo ni kwamba ni kazi ya kemia inayofanyika nyumbani kwako. Dawa zake zina isosianeti, ambazo zinaweza kuleta pumu, kwa hiyo watu na wanyama wote huhama wakati wa kunyunyizia na hurudi baada ya muda uliotajwa na mtengenezaji, ambao mara nyingi ni saa 24. Likichanganywa vibaya hubaki na harufu isiyoisha. Likipulizwa moja kwa moja chini ya paa linaficha uvujaji na kushikilia unyevu kwenye mbao. Na kulitoa ni kukwangua. Silikatai, lakini si chaguo la kwanza kwa paa ambalo hujui hali yake.

Kuhusu moto, nichunge nini?

Polistirini na poliurethini huungua na kutoa moshi wa sumu, kwa hiyo ndani ya nyumba hufunikwa kwa ubao wa jasi au kitu kama hicho. Kwa majengo marefu mambo ni mazito zaidi: katika moto wa jengo la Grenfell Tower, London, Juni 2017, uliowaua watu 72, moto ulipanda nje ya jengo kupitia paneli zenye plastiki ndani yake, huku nyuma yake kukiwa na povu linaloungua. Darini, weka umbali kati ya sufu na taa zilizozamishwa kwenye dari, isipokuwa taa yenyewe imeandikwa kuwa inaruhusiwa kufunikwa.

Naweza kufanya mwenyewe?

Kutandaza sufu kwenye dari inayofikika, ndiyo. Vaa mikono mirefu, glavu, miwani na barakoa ya N95 au FFP2. Nyuzi za kioo zinawasha ngozi na koo, lakini shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziondoa mwaka 2001 kwenye kundi la vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Asbesto iko kundi la kwanza, la vilivyothibitika.

Kanyaga mbao nene zinazobeba dari tu. Ubao wa dari hautakubeba. Fanya kazi alfajiri, kwa sababu mchana darini kunaweza kumzimisha mtu. Usikandamize sufu ili ienee: kata kwa kisu, ikae kwa kujaa bila kubanwa. Mabomba ya maji yaliyo juu yake yafungie kizuia joto pia, maana penye baridi kali darini patakuwa baridi kuliko zamani na maji yanaweza kuganda.

Kupuliza ndani ya kuta, kutoa tabaka lililoharibika kwa mashine ya kuvuta, na povu la kunyunyizia, hizo ni kazi za mafundi.

Kuta na sakafu nazo?

Zinafuata baada ya paa. Ukuta wenye uwazi katikati unaweza kujazwa kupitia matundu madogo, mradi nje haupigwi na mvua ya upepo kiasi cha kuulowesha. Ukuta mzima wa mawe au matofali huwekewa nje au ndani. Nje ni ghali lakini huacha ukuta ukiwa na joto na mkavu, ndani ni nafuu lakini hula nafasi na kuhitaji uangalifu mkubwa wa mvuke. Sakafu ya mbao iliyo juu ya uwazi wenye upepo hufaidika sana penye baridi. Penye joto, sakafu iliyolala juu ya ardhi iache ikupoze.

Nitaokoa kiasi gani?

Mamlaka ya mazingira ya Marekani inakadiria kwamba kuziba mianya na kuongeza kizuia joto darini na chini ya sakafu huokoa wastani wa asilimia 15 ya gharama za kupasha na kupoza nyumba. Huo ni wastani wa nyumba za huko. Yako inaweza kuwa juu au chini. Nyumba isiyo na kitu itaokoa zaidi, na nyumba isiyotumia hita wala kiyoyozi haitaokoa umeme wowote, itapata usingizi.

Tumia bili zako. Chukua uniti za mwezi usiohitaji kupoza wala kupasha, uzitoe kwenye uniti za mwezi mkali zaidi. Tofauti hiyo ndiyo unayoweza kuipunguza. Mtu akikuahidi zaidi ya hiyo, anakuuzia hewa. Jihadhari pia na tabia yetu wenyewe: nyumba ikipata nafuu, wengi hushusha kiyoyozi digrii mbili zaidi, na akiba ikaishia kwenye starehe. Si vibaya, ila usiilaumu sufu.

Nitajuaje kazi imefanyika vizuri?

Mtake fundi apige picha za kila kona kabla na baada, hasa matundu yaliyozibwa, na akuachie lebo za bidhaa zenye R na unene. Kwa kilichopulizwa, kuwe na vijiti vya kupimia vilivyosimamishwa darini, na uhesabu mifuko mitupu: lebo inataja mfuko mmoja unafunika mita ngapi kwa unene gani.

Mapengo madogo yana gharama kubwa kuliko yanavyoonekana. Ile dari yetu ya mita 80 yenye R ya 4 inapitisha wati 400. Acha mita 4 tu bila kufunikwa, zikiwa na R ya 0.5, na jumla inapanda hadi wati 540. Sehemu moja ya ishirini imeongeza zaidi ya theluthi. Kwa hiyo usikague katikati ya dari, ambako kila mtu hutandaza vizuri. Kagua pembezoni, nyuma ya tangi, na juu ya mlango wa kupandia, ambao karibu kila mara husahauliwa.

Ukiweza kumpata mtu mwenye kamera ya joto, mwite asubuhi mapema au usiku, ndani na nje pakitofautiana kwa nyuzi 10 hivi. Kipimo cha feni ya mlangoni, kinachovuta hewa hadi tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, kitaonyesha uvujaji uliobaki. Kifanyike kabla ya malipo ya mwisho, fundi akiwepo.